Manii ya Fahali Yaliyogandishwa, na Safari Yake Hadi Carama

Alfajiri moja ya kiangazi, jua lingali nyuma ya milima ya Mumirwa na mtaa wetu wa Carama bado umefunikwa na ukungu mwembamba utokao upande wa Rusizi, jirani yangu alinigongea dirisha kuniarifu kwamba ng'ombe wake, ambaye usiku kucha alilia bila kukoma na kuyakataa majani, yuko katika joto, na kwamba yeye hana salio la simu la kumwitia veterineri. Nikampigia. Baada ya saa tatu na ushei akaja kijana mwenye adabu juu ya pikipiki, mtungi wa alumini umefungwa nyuma yake kwa mikanda ya mpira wa baiskeli. Akausimamisha kivulini, akakiondoa kizibo, moshi mweupe ukamwagika ukingoni na kutambaa chini mfano wa maziwa yaliyofurika sufuria. Akaingiza kibano, akatafuta, akakosa, akatafuta tena, na hatimaye akaibua mrija mwembamba usioushinda unene wa njiti ya ufagio, akautumbukiza katika kikombe cha maji ya moto ambayo kadiri yake aliipima kwa ncha ya kidole. "Mzee, safari hii atashika," alisema. Jirani yangu, ambaye hana desturi ya kupaza sauti, alimjibu, "Mwanangu, ndivyo ulivyoniambia siku ishirini na moja zilizopita, na ishirini na moja zilizotangulia hizo."

Mrija ule uliwahi kubeba uhai, na juu ya hilo sina shaka. Lililonishughulisha tangu siku ile ni mahali uhai huo ulipopotelea, maana kati ya fahali aliyetoa manii na ng'ombe wa jirani yangu aliyefungwa chini ya mabati ya Carama kuna mikono mingi, na kila mkono, ukiulizwa, huuelekeza mkono mwingine: mfugaji humlaumu mhimilishaji atiaye manii, mhimilishaji huulaumu mrija, kituo kilichotengeneza mrija humlaumu mfugaji aliyechelewa kuona joto, na ng'ombe, ambaye pengine hana lawama yoyote, hatima yake huuzwa kwa mchinjaji kwa tuhuma ya utasa. Kwa muda mrefu mjadala wa kuboresha manii yaliyogandishwa umefungiwa katika maabara, kana kwamba ubora wake ni kazi ya hadubini na kemikali peke yake. Rai yangu ni kwamba baridi ni mlinzi wa amana tu. Alichokabidhiwa hukirudisha kikiwa kimepungua, wala hakiongezi. Na kwa sababu hiyo ubora hauna budi kutafutwa katika miezi iliyotangulia kugandishwa, yaani katika maisha ya fahali, na katika siku zinazofuata, yaani katika mtungi na mkono wa mwisho.

Kwanza yafaa ieleweke kwa nini jambo hili lina uzito wa pekee katika Burundi kuliko katika nchi zenye mbuga pana. Hapa kwetu, ambako watu hata leo huamkiana kwa neno *Amashyo*, yaani dua ya kumtakia mtu makundi ya ng'ombe, makundi yenyewe yamekwisha kuwa adimu, kwa kuwa ardhi ni ndogo na watu ni wengi. Na sheria iliyotiwa saini Oktoba 2018, iliyoanza kushurutishwa baada ya muhula wa miaka mitatu, imeharamisha mifugo kuzurura na kuamuru wafugwe zizini daima. Mfugaji wa kawaida basi ana ng'ombe mmoja, pengine wawili, na humfuga kwa ajili ya samadi kama amfugavyo kwa ajili ya maziwa, kwani bila samadi shamba lake la maharage na mihogo halizai. Mtu wa namna hiyo hawezi kulisha fahali atakayefanya kazi mara moja kwa mwaka. Zamani ng'ombe alikutana na fahali wa jirani malishoni bila mtu kulipa senti. Sasa kila mmoja yuko nyuma ya ukuta wake, na mrija umekuwa ndilo daraja kati yao. Jambo lililokuwa ziada kwa tajiri limekuwa dharura kwa maskini, na ndiyo maana mrija ulioharibika ni dhuluma kwake hata kama hakuna aliyekusudia kumdhulumu.

Sanaa yenyewe ya uhimilishaji, neno tulilolijenga juu ya himili yenye asili ya Kiarabu, na ambayo majirani zangu kwa Kirundi huiita *gutera intanga*, si ngeni katika Afrika ya Mashariki. Kenya waliianza mwaka 1935, na kituo chao cha Kabete kilianzishwa mwaka 1946, wakati ambapo hamu kubwa haikuwa maziwa mengi bali kuyazuia maradhi ya uzazi ambayo fahali mmoja aliweza kuyasambaza toka ng'ombe hadi ng'ombe katika wilaya nzima. Tanzania ina kituo chake Usa River, chini ya mlima Meru. Uganda wanacho Entebbe. Rwanda, ambao tangu 2006 wamegawa ng'ombe kwa maskini kwa mpango wa Girinka, wanao mafahali wao Masaka karibu na Kigali. Lakini miaka ile ya mwanzo manii yalitumika mabichi au yamepozwa tu, na uhai wake ulihesabiwa kwa siku chache. Manii ya Kabete hayakuweza kungoja barabara mbovu wala mto uliofurika.

Mlango ulifunguliwa mwaka 1949, na kufunguliwa kwake kulikuwa na kisa kinachostahili kusimuliwa. Katika taasisi ya utabibu ya Mill Hill, London, Christopher Polge na wenzake Audrey Smith na Alan Parkes walikuwa wakijaribu kugandisha manii ya jogoo ndani ya maji ya sukari, na kila walipoyayeyusha waliyakuta maiti. Siku moja mbegu zikafufuka. Walipoirudia kazi hiyo kwa sukari mpya zikafa tena. Ndipo walipotanabahi kwamba chupa iliyowapa ushindi haikuwa na sukari hata kidogo, bali kibandiko chake kilikosewa, na ndani yake mlikuwa na gliserini. Kioevu hicho kitamu na kizito huingia ndani ya mbegu na kuyazuia maji yaliyomo yasigeuke sindano za barafu zenye kutoboa ngozi yake. Kutoka jogoo wakahamia kwa fahali, na kabla ya mwaka 1951 kwisha ndama wa manii yaliyogandishwa alikwisha kuzaliwa Uingereza. Baadaye barafu kavu ikaachwa, ikashikwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, na Mfaransa Robert Cassou akaueneza ule mrija mwembamba wa plastiki tuujuao. Katika baridi ile wakati husimama kabisa: manii ya kondoo yaliyogandishwa Australia mwaka 1968 yalitiwa nusu karne baadaye, na majike yakashika mimba sawa na kwa manii ya juzi. Mtu asituambie, basi, kwamba mrija wetu umekufa kwa uzee. Mrija hauzeeki, huuawa.

Nije kwa fahali, mahali ambapo nadhani tumepazembea zaidi kuliko pote. Mbegu ya fahali haiumbwi siku ya kukingwa. Huanza kuumbika siku zipatazo 61 nyuma, kisha hukaa kiasi cha siku 10 zaidi katika mfereji wa kukomalia nyuma ya korodani. Kwa hiyo manii yanayokingwa leo ni habari ya hali ya fahali miezi miwili na zaidi iliyopita. Korodani zimetundikwa nje ya mwili kwa sababu maalumu, nayo ni kwamba lazima ziwe na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 6 chini ya joto la mwili ili mbegu iumbike sawasawa. Sasa mchukue fahali wa Kifrisia, ambaye nasaba yake ni ya nchi za mvua baridi, umweke katika bonde la Imbo, kando ya ziwa lililo kwenye mwinuko wa mita zipatazo 774, ambako alasiri za Septemba hufika nyuzi 30 na hewa imesimama. Hata akiwa chini ya paa, ikiwa paa hilo ni bati tupu na maji yake ni ndoo moja iliyopashwa na jua, atahema mchana kutwa, na korodani zake zitahema naye. Wiki hiyo manii yake yaweza kuonekana salama chini ya hadubini. Ubaya hutokeza wiki kadhaa baadaye, wakati msimu umekwisha kupoa na hakuna akumbukaye tena lile joto, hata lawama ikabandikwa penginepo.

Hapa pana tafauti moja ambayo wataalamu wa uzazi wa ng'ombe wameibainisha, nami naiona kuwa ufunguo wa suala zima. Aibu za mbegu ni za namna mbili: iko aibu inayofidika na iko isiyofidika. Mbegu iliyokatika mkia, au isiyoogelea, au iliyopasuka ngozi, haifiki kwenye yai. Aibu yake hufidiwa kwa wingi, kwani ukiongeza idadi ya mbegu katika mrija, zile nzima zitakazofika zitatosha. Lakini iko mbegu inayoogelea vizuri, yenye sura ya kupendeza, inayofika kwenye yai na kuingia, ilhali ndani ya kichwa chake urithi umevunjika kwa sababu iliumbwa katika joto au homa au njaa. Hiyo hulifunga yai mlango dhidi ya mbegu nzima, kisha kijusi kikafa kabla mtu hajajua kwamba kilikuwako. Ukijaza mbegu milioni 20 katika mrija, au 40, au 80, aibu hii haiondoki, maadamu fungu la wabaya ni lilelile. Kwa ajili hiyo naamini kwamba kivuli cha miti, maji safi yasiyokatika, lishe yenye madini, upepo unaopita zizini, na hasa uamuzi wa kuwaweka mafahali wa kigeni katika nyanda za juu kama Mugamba, zenye mwinuko upitao mita 2000, badala ya kuwashusha tambarare, vitaboresha mirija yetu kuliko dawa yoyote mpya ya maabara. Na fahali aliyepata homa afungiwe manii yake miezi miwili na nusu, hata kama yanaonekana mazuri. Najua kwamba agizo hili ni gumu kwa kituo chenye mafahali wachache na maombi mengi. Lakini mrija usiokuwako humkosesha mfugaji mara moja, na anajua kuwa amekosa; ulioharibika humkosesha mara tatu huku akidhani amepata.

Kuhusu kazi ya maabara nitapita upesi, kwa sababu kanuni zake zajulikana na aghalabu hufuatwa. Fahali hupandishwa juu ya mwenziwe au gogo, huzuiliwa mara moja mbili ashuke bila kumaliza, jambo linaloongeza wingi wa mbegu, kisha manii hukingwa kwa uke wa bandia uliotiwa maji ya joto. Mkingo mmoja huwa na mililita kama 5 hadi 8, na kila mililita yaweza kubeba mbegu zipatazo bilioni moja, hivyo mrija mmoja ukipewa milioni 20 mkingo mmoja waweza kutoa mirija mia mbili na zaidi. Hupimwa mwendo wa mbegu, na yasiyofikia sehemu 70 katika 100 hutupwa. Yanayofaa huzimuliwa kwa maji maalumu yenye kiini cha yai, ambacho huivika mbegu na kuikinga isipatwe na mshtuko inapopozwa kutoka nyuzi 37 hadi 4 au 5. Hutiwa gliserini takriban sehemu 7 katika 100, na viuavijasumu, desturi iliyoanza miaka ya arobaini. Hupumzishwa katika baridi kwa saa tatu nne. Hugandishwa juu ya mvuke wa naitrojeni kwa dakika kama 10, ndipo yakazamishwa. Baada ya yote hayo nusu ya mbegu huwa zimekufa, hata kwa mafundi bora wa dunia. Kwa hiyo mrija mmoja au miwili ya kila mkingo huyeyushwa na kupimwa, na mkingo wenye mbegu chache ziendazo mbele, chini ya 40 katika 100, hauna haki ya kuondoka kituoni. Zipo juhudi za kukiondoa kiini cha yai na kuweka lesithini, mafuta maalumu yatokanayo na soya, mahali pake, kwa hadhari ya vijidudu vya mayai, na zipo za kuongeza vitamini na viambato vya kuzuia kutu ya uhai, ile hali ya oksijeni kuila ngozi ya mbegu. Zote nazipokea kwa heshima. Lakini faida yake hupimwa kwa sehemu chache katika 100, na hasara ya mtungi uliokauka ni mia kwa mia.

Mtungi! Laiti ningekuwa na uwezo, kila wizara ya mifugo ningeipachika mtungi mmoja mlangoni ili waingiao na watokao wautazame. Naitrojeni ni ile hewa tuivutayo, sehemu 78 katika kila 100 ya pumzi zetu, nayo haimnyimi mtu; kuigeuza kimiminika ndiko kunakohitaji mtambo, umeme usiokatika na fundi, na kuisafirisha kunahitaji gari na mafuta. Miaka hii Burundi imejua uhaba wa mafuta ambao umewalaza watu katika foleni za vituo usiku na mchana, na umeme wetu wajulikana kwa kukatika kwake. Naitrojeni hiyo, hata mtungi ukifungwa vizuri, huchemka na kupotea kidogo kidogo kila siku, na kila kizibo kinapofunuliwa hupotea zaidi. Mhimilishaji wa mkoani aliyezoea kujaziwa kila baada ya wiki mbili akikosa gari wiki ya tatu, na ya nne, mtungi wake huanza kupumua kwa shida. Na siku naitrojeni itakapojazwa tena, mirija itakuwa baridi kama kwanza, haina alama, haina harufu, haina rangi ya kuonyesha kwamba ilikwisha kufa. Katika bidhaa zote ambazo maskini huuziwa siijui nyingine ambayo uzima na umaiti wake vinafanana hivi. Maziwa yaliyochacha hunuka, mahindi yaliyooza hubadilika rangi, dawa iliyopitwa na wakati ina tarehe; mrija uliokufa hauna shahidi isipokuwa siku ya ishirini na moja, ng'ombe anapolia tena.

Liko pia jambo dogo zaidi, nalo nililiona kwa macho yangu asubuhi ile. Kijana alipokuwa akitafuta kwa kibano alikipandisha kikombe cha mirija mpaka ukingoni mwa mtungi, akasoma namba moja, akairudisha, akasoma nyingine. Nilihesabu polepole nikafika thelathini. Shingoni mwa mtungi baridi si ile ya chini. Hupanda haraka, na mrija wa robo mililita, kwa wembamba wake, hupokea joto hilo kwa sekunde chache. Baridi inapolegea kati ya nyuzi 130 na 80 chini ya sifuri, chembe za barafu zilizokuwa ndogo na salama ndani ya mbegu hujipanga upya na kuwa kubwa. Ukiirudisha chini zinabaki kubwa vile vile, na kesho, akitafutwa fahali mwingine, zinakua tena. Dhara hilo hujumlika, wala halisameheki. Mirija iliyobaki katika kikombe kile, ambayo haikuwa ya jirani yangu, iliumia pamoja na wake, na wafugaji watakaoitumia katika mitaa ya Gihosha au Kamenge hawakuwapo kushuhudia. Kanuni ni kwamba kikombe kisipande juu kuliko mstari wa sakitu ulio shingoni, na kisikae hapo zaidi ya sekunde 8 hadi 10; usipoona unachotaka, teremsha, ngoja, anza upya. Na tiba yake ni karatasi: daftari la mtungi lionyeshalo fahali yupi yuko kikombe kipi, ili mkono uende moja kwa moja mahali pake.

Kuyeyusha nako kuna adabu zake. Maji yawe ya nyuzi 35 hadi 37, mrija ukae humo nusu dakika na kidogo, ukaushwe vizuri kwa sababu tone moja la maji huziua mbegu, ukatwe, uingizwe katika mpira wa kutilia uliopashwa mwilini, chini ya shati, hasa katika asubuhi za Mugamba zenye baridi kali, kisha utumike ndani ya dakika 10 au 15. Kidole hakiwezi kutofautisha nyuzi 37 na 42, ilhali mbegu inaweza. Kipimajoto ni kitu cha bei ndogo, nami sikumlaumu kijana yule kwa kutokuwa nacho kama ninavyoulaumu utaratibu uliomkabidhi mtungi bila kumkabidhi kipimo. Alikuwa na mikono myepesi na moyo mwema, na alikuwa amepita mitaa minne tangu alfajiri kwa mafuta aliyoyanunua kwa bei ya magendo.

Mfugaji hana udhuru kamili. Joto la ng'ombe hudumu kwa wastani wa saa 18, na yai hushuka saa 10 hadi 12 baada ya joto kwisha. Aliyeonekana asubuhi atiwe jioni, aliyeonekana jioni atiwe asubuhi ya pili. Mwenye kusubiri mpaka jirani arudi kutoka kazini ndipo aazime simu ameshalipa nusu ya hasara mwenyewe. Na ng'ombe aliyekonda, aliyezaa juzi na hajapata ila majani makavu ya migomba, hatashika hata aletewe fahali bora wa Kabete akiwa hai.

Pamezuka siku hizi shauku kubwa ya manii ya nje ya nchi, yenye picha za mafahali wanene na hesabu za maziwa ya binti zao, na pia ya yale manii yaliyochujwa ili yazae majike tu, ambayo hufanikiwa kuleta mitamba kiasi cha 9 katika 10. Shauku hiyo naielewa; nani asiyependa mtamba? Lakini manii yaliyochujwa yana mbegu chache sana katika kila mrija, na mbegu hizo zimechoshwa na mashine kabla ya kugandishwa, kwa hiyo hazistahimili hata kosa dogo ambalo mrija wa kawaida ungelivumilia. Kuyaleta katika mnyororo ambao mtungi wake hukauka ni sawa na kumpa mtoto mchanga mzigo wa mpagazi. Kadhalika, ubora wa mrija na ubora wa nasaba ni mambo mawili yasiyochanganywa: manii yaweza kuwa hai sana na kumletea mtu wa Carama ndama asiyefaa Carama, mwenye kiu ya pumba ambazo hawezi kununuliwa na asiyestahimili kupe wala joto. Waliotutangulia waliliona hilo. Katika kituo cha utafiti cha Mahwa, kilicho chini ya ISABU, taasisi ya taifa ya sayansi za kilimo, Ankole wetu wenye pembe ndefu walichanganywa na Sahiwal, ng'ombe wa asili ya Punjab mwenye kustahimili jua na kutoa maziwa ya kiasi. Fahali wa namna hiyo, akiwa hapa nchini na akitunzwa kivulini, ana manii yanayovumilia Imbo, na binti zake pia. Ningelipenda kuona mirija yake imejaa mitungini kabla ya kuagiza ile ya fahali ambaye hajawahi kuona kupe.

Nikiulizwa fedha chache zilizopo zielekezwe wapi kwanza, nitasema zielekezwe mwisho wa safari. Leo mrija hupimwa kituoni, mahali ambapo ungali salama, na haupimwi tena. Ni sawa na kupima maji kwenye chemchemi na kuwanywesha watu kwenye bomba lililotoboka. Kila baada ya miezi mitatu mrija mmoja na uchukuliwe katika mtungi wa kila mhimilishaji, uyeyushwe mbele yake, utazamwe kwa hadubini ya mkoani, ambayo haihitaji kuwa ya fahari. Na ule uliokufa ushushe mtungi mzima, bila aibu kwa mwenyewe, na naitrojeni ipelekwe haraka mahali ulipokauka. La pili ni hesabu. Juu ya kila mrija mmechapwa jina la kituo, namba ya fahali na tarehe ya kugandishwa, lakini habari hizo, mrija ukishakatwa, hutupwa pamoja nao kwenye takataka za zizi. Zikiandikwa, na kuandikwa pia kama ng'ombe alirudi katika joto siku ya 21 au hakurudi hadi siku ya 60 na ya 90, basi baada ya mwaka kituo kitajua fahali yupi anashikisha na yupi anadanganya hadubini. Na kwa njia hiyo tu itajulikana ile aibu isiyofidika, maana hakuna kioo kiwezacho kuiona isipokuwa tumbo la ng'ombe. Mfugaji mwenye ng'ombe mmoja ni shahidi mdogo, lakini wako wengi mno, na kwa wingi wao ushahidi wao una nguvu kuliko wa maabara.

Siku ile, kabla kijana hajafunga mtungi wake, nilimwomba anionyeshe kina cha naitrojeni. Hakuwa na kijiti cha kupimia. Nikavunja tawi kavu la mpera, tukalichonga, tukaliteremsha hadi chini tukahesabu mpaka kumi, na lilipopanda sakitu nyeupe ikajichora juu yake kimo kisichozidi upana wa vidole viwili. Alilitazama kwa muda mrefu, akanyamaza, kisha akapiga simu kuomba ajaziwe. Jirani yangu naye aliokota ule mrija uliokatwa, akaufuta vumbi, akausogeza karibu na macho, akaiandika namba ya fahali kwa kipande cha mkaa juu ya ubao wa zizi, na chini yake tarehe, na chini ya tarehe akaacha nafasi tupu.